Sura ya Sita: Pumzi, Utando na Umeme

Anayeshika kibuyu cha ngoma ya mganda kwa mara ya kwanza hupuliza. Kibuyu hakilii. Hupuliza tena, mashavu yakavimba na mishipa ya shingo ikasimama, na kibuyu kikabaki kimenuna vile vile. Wenyeji wa mwambao wa Ziwa Nyasa wanajua kwamba kibuyu hakipulizwi, kinaimbiwa. Kina tundu dogo lililozibwa kwa utando mwembamba uliobanduliwa kwenye kifuko cha mayai ya buibui. Mchezaji akiguna au akiimba ndani ya tundu la mdomo, ule utando hutetemeka, na sauti iliyoingia ikiwa ya binadamu hutoka imekwaruza, imenenepa, imepata makali ya tarumbeta la shaba. Kibuyu kikubwa hutoa sauti nzito, kidogo hutoa sauti ya juu. Wapange wanaume wenye vibuyu vya ukubwa mbalimbali, waweke na ngoma moja kubwa, na bendi imekamilika bila mtu kwenda dukani.

Nimeanza na kibuyu katika sura inayohusu saksafoni, klarineti, filimbi na kompyuta kwa makusudi. Mpiga mganda alikwisha kufanya, bila umeme, kazi ambayo wasanii wa muziki wa kielektroniki walianza kuihangaikia katikati ya karne ya 20: kuichukua pumzi ya mtu, kuipitisha kwenye kitu kinachoibadilisha, na kuyafanya mabadiliko yenyewe kuwa muziki. Kipaza sauti nacho kina utando. Ndani ya kile kichwa cha wavu cha maikrofoni ya kawaida, ile inayoshikwa na mshereheshaji wa harusi pale Bombambili au na mhubiri wa Mfaranyaki, mitaa ya Songea, mna kiwambo chembamba cha plastiki. Hewa ikikigonga kinatetemeka, koili iliyoshikizwa nyuma yake inasogea karibu na sumaku, na mtetemo unageuka kuwa umeme. Kuanzia hapo sauti inaweza kucheleweshwa, kukatwa, kurudiwa, kugeuzwa kinyumenyume au kukwaruzwa hadi mwenyewe asiitambue. Fundi wa mitambo anauita ukwaruzaji huo hitilafu. Mpiga mganda aliutafuta kwa juhudi, akaenda kuuchokoa kwenye nyumba za buibui.

Kwa hiyo swali la sura hii si kama muziki wa kielektroniki unatuhusu. Swali langu ni jinsi mpuliza ala mmoja, anayesimama peke yake mbele ya watu, anavyoweza kujenga maisha ya kazi katika muziki huo, na kijana wa Songea aanzie wapi.

Mganda wenyewe ulizaliwa kwa kukutana na wageni. Ulitokana na beni, ngoma iliyoanza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, vijana wa Lamu na Mombasa wakiziiga bendi za shaba za wakoloni kwa gwaride, sare na vyeo. Ikagawanyika kuwa makundi yaliyoshindana vikali, Marini na Arinoti, na Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza bara kwa miguu ya askari na wapagazi. Terence Ranger, mwanahistoria aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliifuatilia safari hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1975. Waliorudi upande wa Nyasa baada ya vita walikuwa na gwaride kichwani na sauti ya bendi masikioni, lakini hawakuwa na tarumbeta. Wakatumia vibuyu. Kaptula nyeupe, soksi ndefu, mistari iliyonyooka na cheo cha kapteni vyote vikaingia kwenye ngoma, na kizazi kilichofuata kilivikuta humo vikiwa vya nyumbani.

Kitu kama hicho kilitokea Addis Ababa kwa njia nyingine, na ndiko alikotokea mpuliza ala ninayetaka msomaji amfahamu kuliko wote katika sura hii.

Mwaka 1924 Ras Tafari Makonnen, ambaye baadaye alitawazwa kuwa Mfalme Haile Selassie, alizuru Yerusalemu. Huko alikutana na bendi ya shaba ya vijana 40 wa Kiarmenia, mayatima waliosalimika katika mauaji ya halaiki ya watu wao. Akawachukua wote hadi Ethiopia pamoja na mwalimu wao, Kevork Nalbandian. Kuanzia hapo Addis Ababa ikawa mji wa bendi za kupuliza: bendi ya walinzi wa mfalme, ya polisi, ya manispaa, za majumba ya michezo ya kuigiza. Serikali ilinunua vyombo, ikaajiri walimu, ikalipa mishahara. Wapulizaji wakasoma nota na kupiga walichoambiwa.

Getatchew Mekurya alizaliwa mwaka 1935. Utotoni alipiga krar na masenqo, vyombo vya nyuzi vya kwao, na mwishoni mwa miaka ya 1940, akiwa bado kijana mdogo, akaingia bendi ya Manispaa ya Addis Ababa. Mwaka 1955 alihamia okestra ya Haile Selassie I Theatre, na mwaka 1965 akaenda okestra ya polisi. Ukiitazama orodha hiyo peke yake, ni maisha ya mwajiriwa wa serikali. Sare, mazoezi, sherehe za kitaifa, mshahara mwisho wa mwezi.

Lakini ndani ya ajira hiyo alifanya jambo lake mwenyewe. Nyanda za juu za Ethiopia zina shellela, majigambo ya mashujaa kabla ya vita. Mtu husimama mbele ya wenzake akajitapa kwa sauti ya kukoroma na kupanda, maneno yakifuatana kwa kasi hadi pumzi inakaribia kumwishia, kisha ananyamaza ghafla na kuanza upya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Getatchew aliichukua shellela kutoka kooni na kuitia kwenye saksafoni. Nota ilimpa njia ya kawaida ya kupuliza, naye akaiacha. Alitetemesha sauti kwa upana mkubwa, akanguruma kwenye mdomo wa chombo, akamwaga vifungu virefu vilivyokataa kukaa ndani ya mapigo ya ngoma. Jukwaani alipanda akiwa na vazi la shujaa na manyoya ya simba kichwani.

Wazungu waliozisikia rekodi zake miaka mingi baadaye walidhani alikuwa amewasikiliza Ornette Coleman na Albert Ayler, Wamarekani walioifungua jazi ikawa huru na kelele zake. Tarehe zinakataa. Coleman alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1958, na Ayler alianza kurekodi mwaka 1962. Getatchew alikuwa amekwisha kufika mahali pake kwa njia ya kwao. Hapo ndipo ninapomheshimu hasa. Chombo kilikuwa cha Ulaya, kilichobuniwa na Adolphe Sax, Mbelgiji, katika miaka ya 1840, na ajira ilikuwa ya bendi ya manispaa. Sauti ilikuwa ya babu zake.

Mwaka 1972 alirekodi albamu yake kwa kampuni ya Philips. Miaka miwili baadaye mfalme akapinduliwa. Utawala wa kijeshi wa Derg ukaleta amri ya kutotoka nje usiku, na muziki wa vilabuni Addis Ababa ukanyamaza kwa miaka mingi. Angeweza kuishia hapo, jina kwenye kasha la santuri ya zamani. Mfaransa Francis Falceto, aliyekuwa akizikusanya rekodi za Ethiopia katika mfululizo wa Éthiopiques, aliitoa upya albamu hiyo mwaka 2003 ikiwa toleo la 14. Mwaka 2004 kundi la The Ex la Uholanzi, lililoanzishwa mwaka 1979 na kujulikana kwa magitaa ya umeme yaliyokwaruzwa bila huruma, lilimwalika Amsterdam kwenye sherehe ya miaka yake 25. Getatchew alikuwa na umri wa miaka 69. Aliwasikiliza wale vijana wa magitaa, akaona wanamfaa, na yeye mwenyewe ndiye aliyewataka wawe bendi yake.

Hapo msomaji atulie kidogo. Mzee wa Kiethiopia, aliyezoea okestra ya polisi, anasikia kelele za pank, magitaa yanayolia kama mashine ya kukata mbao, na anatambua ndani yake kitu anachokijua. Nadhani alitambua ule ukwaruzo. Shellela haitaki sauti laini. Gitaa lililopitishwa kwenye amplifaya iliyozidishwa nguvu na koo la shujaa linalokoroma viko upande mmoja, na saksafoni yake ilikuwa imekaa upande huo kwa nusu karne. Mwaka 2006 wakatoa albamu ya Moa Anbessa. Wakazunguka naye Ulaya, mwaka 2008 wakapiga Lincoln Center mjini New York, na mwaka 2012 ikatoka Y'Anbessaw Tezeta. Alifariki Aprili 2016 akiwa na miaka 81, na muongo wake wa mwisho wa kazi ndio uliomfikisha mbali kuliko yote iliyotangulia.

Katika albamu ya Moa Anbessa kuna mpuliza klarineti Mfaransa aitwaye Xavier Charles. Ninamtaja kwa sababu kazi yake ni mfano halisi wa somo la sura hii: mpulizaji aliyejenga jina katika muziki wa kubuni papo kwa papo na wa kielektroniki, akipanda jukwaani bila wimbo ulioandaliwa. Wakati mwingine haanzi hata na nota. Pumzi inapita kwenye bomba bila ulimi wa mwanzi kulia, na kipaza sauti kilichosogezwa karibu kinaikuza hadi inakuwa upepo wa ukumbi mzima. Pengine huiacha klarineti na kutumia spika zinazotetemesha vitu vilivyowekwa juu yake, muziki ukatoka kwenye kugongana kwa vitu hivyo. Mtu huyo na mzee wa shellela walikaa jukwaa moja wakaelewana.

Ninataka kukaa kidogo kwenye hicho kipaza sauti kilichosogezwa karibu, maana ndicho kinachomtenga mpulizaji wa muziki huu na mpulizaji wa bendi ya dansi. Kwenye dansi kipaza sauti husimama mbele ya mdomo mpana wa saksafoni ili sauti ifike nyuma ya ukumbi. Kazi yake imeishia hapo. Sasa kisogeze, kiweke sentimita chache kutoka kwenye vitufe. Utasikia pedi za ngozi zikianguka juu ya matundu, kila moja na mlio wake kulingana na mahali ilipo kwenye bomba. Utasikia mate yakichemka. Utasikia ulimi ukigonga mwanzi kabla nota haijazaliwa, na koo likimeza. Mpulizaji anayebana midomo kwa namna fulani na kushika vidole visivyo vya kawaida hutoa sauti mbili au tatu kwa pamoja, zinazogombana ndani ya bomba moja. Anayejua kuvuta hewa puani huku mashavu yakisukuma akiba iliyomo mdomoni haikati sauti kwa dakika nyingi. Mwingereza Evan Parker alizijenga tamasha zake za saksafoni ya soprano juu ya ufundi huo, na tangu mwaka 1992 akawa na kundi ambalo ndani yake wapigaji wa vyombo wamekaa na mafundi wa elektroniki. Fundi anaikamata sauti ya mpulizaji wakati huo huo, anaibadilisha na kumrudishia aijibu. Mpulizaji anaongea na kivuli chake.

Historia ya pumzi na mashine nitaipita haraka, ila ianzie inapostahili, Afrika. Mwaka 1944 kijana Mmisri Halim El-Dabh alichukua kinasa sauti cha waya mjini Cairo, akarekodi wanawake kwenye sherehe ya zaar, ngoma ya pepo inayofanana sana na zile za pwani yetu. Kisha akaipitisha rekodi kwenye vyumba vya mwangwi na kuondoa sehemu za sauti hadi maneno yakayeyuka. Pierre Schaeffer alianza majaribio yake ya Paris yanayotajwa vitabuni miaka minne baadaye. Mwaka 1952 Mtaliano Bruno Maderna aliandika kazi ya filimbi na utepe wa sumaku wa studio, ikapigwa Darmstadt, Ujerumani, na Severino Gazzelloni. Mwaka 1969 Mmarekani Terry Riley alitoa rekodi ya saksafoni ya soprano iliyozungushwa kati ya mashine mbili za utepe, mpulizaji mmoja akasikika kama kundi. Leo kazi ya zile mashine mbili inafanywa na kifaa kinachokanyagwa kwa mguu, au na programu ndani ya kompyuta mpakato ya kawaida.

Kwetu Tanzania aliyekaribia zaidi mlango wa muziki huo ni Hukwe Zawose wa Wagogo. Watu wanamkumbuka kwa ilimba na zeze, na kwa sauti iliyopanda kutoka kifuani hadi utosini, lakini filimbi nayo ilikuwa kinywani mwake. Alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa, na mwaka 2002 akatoa albamu ya Assembly pamoja na Michael Brook, Mkanada aliyetengeneza gitaa ambalo nota yake haifi mpaka mpigaji aiue mwenyewe. Kwa sikio langu Brook alifanya jambo jema kubwa. Alimwachia Hukwe nafasi. Mashine imekaa chini kama sakafu, na mzee anatembea juu yake kwa hatua zake. Hukwe alifariki Desemba 2003, kazi hiyo ikiwa bado changa. Mwanawe Msafiri aliendelea, na mwaka 2017 akatoa Uhamiaji, akiiweka ilimba kwenye midundo ya elektroniki.

Mwaka huo huo kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam. Midundo zaidi ya 200 kwa dakika, imetengenezwa kwenye kompyuta za bei rahisi na vijana ambao hakuna chuo kilichowafundisha, ikafika majukwaa ya muziki wa majaribio ya Ulaya na tamasha la Nyege Nyege lililoanza Jinja mwaka 2015. Singeli imethibitisha kwamba mlango upo wazi. Kinachokosekana ndani yake ni pumzi. Karibu kila kitu ni kinanda, sampuli na koo la MC. Bendi zetu za dansi ziliwahi kuwa na safu nzima za wapulizaji, kisha katika bendi nyingi kinanda cha umeme kikachukua nafasi yao kwa sababu mtu mmoja ni nafuu kulipa kuliko watatu. Ninaiona hasara hiyo kuwa kubwa kuliko watu wanavyokiri. Kinanda kinaiga nota ya saksafoni vizuri tu. Mate, koo na kukaribia kuishiwa pumzi hakiwezi.

Turudi basi Songea. Muziki huu unakula umeme, na mji huu ulikaa nje ya gridi ya taifa hadi mwaka 2018, laini ya kilovoti 220 kutoka Makambako ilipofika. Kabla ya hapo mji ulitegemea majenereta ya dizeli, na baadaye pia umeme wa maji wa Tulila kwenye mto Ruvuma, unaozalishwa na masista Wabenedikto wa Chipole. Anayerekodi kwa kompyuta anajua maana ya umeme kukatika katikati ya kazi ambayo haijahifadhiwa, na katika muziki wa papo kwa papo kilichopotea hakirudiwi. Sasa kijana wa Lizaboni akiwa na salio la Luku anaweza kukaa usiku mzima na mashine yake. Hilo ni jambo kubwa, na halijazaa muziki unaolingana nalo bado.

Mkoa una masikio yaliyofunzwa. Peramiho, magharibi ya mji, wamisionari Wabenedikto walifika mwaka 1898, wakaleta kinanda cha kanisani, nota na kwaya. Padri Stephen Mbunga wa huku Ungoni aliandika kitabu mwaka 1963 akitetea nafasi ya muziki wa Kibantu ndani ya liturujia, wakati wengi walidhani Mungu anasikia Kilatini tu. Lizombe ya Wangoni inapigwa hadi leo kwenye kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji kila Februari, na kioda cha akina mama na mganda vipo. Kijana aliyekulia kati ya kwaya ya sauti nne na utando wa buibui ana elimu ambayo mwanafunzi wa chuo cha muziki cha Ulaya anailipia ada asiipate.

Wengi wanaoniuliza kuhusu kazi hii huanza na programu gani wanunue. Swali hilo linaweza kusubiri. Mashine inakuza kile kilichoingia, na ikiingia sauti isiyo na mwenyewe, itatoka kubwa zaidi na bado haina mwenyewe. Getatchew alikaa na shellela zaidi ya miaka 50 kabla ya kukutana na magitaa ya The Ex. Ukiwa na saksafoni, klarineti au filimbi ya mwanzi, kaa nayo. Shika sauti moja ndefu asubuhi mpaka uijue ilivyo mwanzo, katikati na inapokufa. Kisha jifunze kuimba ndani ya chombo huku unapuliza. Sauti ya koo na ya mwanzi zikikutana ndani ya bomba zinazaa ya tatu, yenye ukwaruzo ule ule wa mganda. Yeyote aliyewahi kuguna kwenye kibuyu ana nusu ya ufundi huo tayari. Ukifika hapo, kipaza sauti kimoja kizuri, kiunganishi cha kuingiza sauti kwenye kompyuta na programu yoyote inayorudia na kuchelewesha sauti vinakutosha kuanza.

Suala la riziki linahitaji ukweli. Nikiwatazama watu wa sura hii, naona kwamba maisha marefu ya muziki yalisimama juu ya mshahara wa umma. Getatchew alikuwa mwajiriwa wa manispaa, wa jumba la michezo, wa polisi. Hukwe alikuwa na chuo cha serikali nyuma yake. Ufaransa ina utaratibu wa kitaifa ambao msanii wa jukwaani akithibitisha saa 507 za kazi ndani ya miezi 12 hulipwa posho katika siku ambazo hana kazi, na sidhani muziki wa majaribio wa nchi ile ungekuwa hai bila utaratibu wa namna hiyo. Huku kwetu kuna mikopo ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, na mkopo ni deni. Muziki usiojaza ukumbi hauwezi kulipa deni kwa miezi michache. Bendi za polisi, jeshi na magereza bado zinaajiri wapulizaji. Kwa kijana mwenye kipaji cha kupuliza, ajira hiyo isidharauliwe, maana inampa chombo, mwalimu na muda.

Sheria nayo ijulikane. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtendaji wa sanaa katika utendaji wake, hata kama alichopiga hakikuandikwa popote. Anayebuni papo kwa papo na kurekodiwa ana haki juu ya rekodi hiyo. Sheria hiyo hiyo inazilinda sanaa za jadi, na matumizi yake ya kibiashara nje ya mazingira ya asili yanahitaji kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Anayekata kipande cha mganda kutoka mtandaoni na kukitia kwenye mdundo wake wa kuuza ameingia eneo hilo, na tukiacha kibali, ana deni kwa waliopiga. Nenda kwao. Rekodi nao. Lipa.

Kwa maafisa utamaduni wa Manispaa ya Songea na wa Wilaya ya Nyasa nina ombi moja. Mnaporekodi ngoma kwa ajili ya sherehe, msirekodi kundi zima tu kutoka mbali kwa simu. Mketisheni kila mpigaji peke yake, kipaza sauti kikiwa karibu, mchukue sauti yake kwa dakika kadhaa bila ngoma, na mwandike jina lake, kijiji chake na nani alimfundisha. Gharama ni ya alasiri moja na fundi mmoja. Wanaojua kutengeneza vyombo hivi wengi ni watu wazima, na hakuna sampuli ya kununua itakayochukua nafasi yao.

Na wewe kijana mwenye chombo cha kupuliza na kompyuta, usisubiri studio ya Dar es Salaam. Rekodi ulipo, andika majina ya wote walioshiriki, sajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, kisha itume kwa tamasha la Nyege Nyege na Zanzibar, ambako Sauti za Busara imekuwa ikipokea wasanii tangu mwaka 2004. Wakikukatalia, tuma tena mwaka unaofuata.